Kicheko Changu Kwenye Kundi la Mafundi

Tunduma,
Jumapili mchana

Kwa dada yangu Atupele,

Shikamoo dada. Habari za hapo Ikinga? Goti la mama linaendeleaje na baridi hii? Na wewe kifua kimepoa? Mimi ni mzima, cherehani inazunguka na wateja wapo, ila vumbi la malori ndilo linatumaliza. Nimesikia simu yako imeingia maji, ndiyo maana nimechukua karatasi. Mchungaji wenu yuko hapa kwenye semina, kesho anarudi, atakuletea. Ukimsomea mama, msomee yote, hata pale ninapoonekana mbaya.

Nilishakwambia juu ya kundi letu la kwenye simu, Mafundi wa Mpakani. Tulianza mafundi tisa wa safu moja hapa sokoni. Mtu akiishiwa zipu anauliza, mwenzake anamjibu, "Njoo chukua." Asubuhi tulisalimiana kwa majina. Mimi ndiye niliyelifungua, kwa hiyo mimi ndiye admini, naingiza watu na kuwatoa. Basi likakua. Wakaja wa Vwawa, wa Mlowo, wa ng'ambo ya mpaka kule Nakonde, Zambia, wengine hata sijui waliingizwa na nani. Nilifurahi, dada, nikajiona mtu mkubwa. Sikuangalia kwamba salamu zimekwisha, na kwamba anayeuliza jambo dogo anajibiwa kwa kejeli.

Siku moja mama mmoja wa Nakonde, wanamwita Bana Chanda, yaani Mama Chanda kwa Kibemba, akatuma picha ya binti yake Chanda amevaa gauni jeupe la kipaimara. Mama huyo ndiyo kwanza anajifunza kushona. Aliandika, "Mafundi, mabega yanavuta. Nimekosea wapi?" Ni hilo tu alilouliza.

Fundi Ambokile akawa wa kwanza kujibu: "Hilo gauni au gunia la mahindi?"

Unamjua Ambokile, ndiye aliyenifundisha kukata kola nilipofika hapa. Nilicheka mpaka mteja wangu akanitazama. Nikaweka vile vikatuni vya kucheka, vitano kwa mpigo. Baada yangu wakaja wengine, kila mmoja na lake. Kuna aliyekata sura ya yule binti akaitengeneza stika, ikaanza kuzunguka hadi makundi mengine. Jioni nikaona Bana Chanda ametoka kwenye kundi. Hakuaga. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaendelea na kazi zangu.

Siku ya tatu Mama Sekela, anayeuza uzi jirani na kibanda changu, akaja akasimama mbele ya cherehani yangu.

"Yule mtoto wa kwenye picha unamjua?"

"Simjui, mama."

"Mama yake ni mteja wangu. Mtoto amegoma kwenda mafundisho ya kipaimara. Wenzake wanayo ile picha kwenye simu."

Nikasema stika sikuitengeneza mimi. Akanijibu, "Tusajigwe, wewe ndiye mwenye kundi. Ulipocheka wewe, wote wakajua inaruhusiwa."

Dada, sikuweza kushona tena siku ile. Kesho yake asubuhi nikavuka mpaka, Mama Sekela alikuwa amenielekeza nyumba. Nikamkuta Bana Chanda uani anapepeta maharage. Nikamsalimia kwa Kibemba, "Mulishani, mama," akaitikia, lakini kiti hakunipa. Nikamwambia mimi ni nani. Nikamwambia na nilichofanya, kwamba nilicheka na mimi.

"Mimi gauni halikuniuma," akasema. "Nilijua limekosewa, ndiyo maana niliuliza. Kilichoniuma ni mtoto."

Binti alikuwa ndani. Nilimwona mlangoni mara moja, akarudi. Nikaomba kuliona gauni, labda nimwelekeze. Bana Chanda akaweka ungo chini.

"Umekuja kufundisha au kuomba msamaha?"

"Msamaha, mama."

"Basi kauombe kule kule ulikonicheka."

Nikarudi Tunduma. Nililifunga kundi ili asiandike mtu ila mimi, nikarekodi sauti yangu. Nilirekodi mara nne, tatu za kwanza nilijikuta natafuta visingizio. Nikataja jina langu, nikasema nilimcheka mama aliyekuja kuomba msaada, kosa ni langu, na stika ile kila mtu aifute, atakayeituma tena nitamtoa. Mama Sekela akaipeleka sauti ile kwa Bana Chanda.

Kabla ya saa sita Ambokile alikuwa kibandani kwangu.

"Unanidhalilisha mbele ya mafundi kwa ajili ya utani?"

"Jina lako sikulitaja, fundi."

"Wote wanajua ni mimi! Nimekufundisha kazi, leo unanipanda kichwani."

Nikamwambia heshima yake ipo palepale, ila nisingeyafuta niliyosema. Akatoka kwenye kundi, akaondoka na mafundi kama kumi hivi. Mwezi mzima hakuitikia salamu yangu. Hilo limeniumiza kuliko nilivyotegemea.

Kundi lenyewe sasa limetulia. Anayeingia analetwa na mtu anayemfahamu, anasema jina lake na anakoshonea, nasi tunamkaribisha. Picha za watoto hatuweki. Aliyeteleza namfuata kwanza pembeni, wawili tu, simsemi mbele ya watu. Peke yangu nisingeweza, kwa hiyo Mama Sekela na dada mmoja wa Vwawa wanasaidia kuangalia. Wapo wanaonung'unika kwamba tumekuwa kama kwaya. Kucheka tunacheka bado. Juzi nilituma suruali niliyoishona miguu yote miwili ya kushoto, wakanicheka hadi jioni.

Bana Chanda hajarudi kwenye kundi, na simlaumu. Ila alikuja mwenyewe sokoni na lile gauni. Mikono ilikuwa imebadilishana, wa kulia kwa kushoto. Nilimwonyesha tu, akafumua na kushona kwa mkono wake.

Juzi Ambokile alisimama mbele ya kibanda changu bila salamu.

"Yule mtoto alipata kipaimara?"

"Alipata."

"Na gauni?"

"Lile lile. Mama yake amelirekebisha."

Akachezea futi yake shingoni. "Nipe namba ya huyo mama."

"Nimuulize kwanza kama anataka."

Nilidhani atafoka. Akasema, "Muulize."

Mengine nitakusimulia mwenyewe nikija, ila kwa leo msalimie mama, umwambie nakula vizuri. Msalimie shemeji, na mjomba mwenye mizinga ya nyuki, na shangazi wa pale kanisani. Watoto wabusu wote. Ndaga sana kwa maharage mliyonitumia.

Nimechelewa kuifunga barua hii nikingoja jibu la Bana Chanda. Limefika sasa hivi: "Aje. Asipige simu, aje."

Mdogo wako akupendaye,
Tusajigwe