Biri za Mzee Bonfils

Jumapili, 8 Septemba 1996
Mpangaji wangu, Mzee Bonfils, kaondoka asubuhi kwa boti. Kaenda Uvira kumtoa bintiye Ishimwe kwenye kambi ya wakimbizi. Kaniachia kasha la biri kumi na mbili — nene kama kidole gumba, si sigara za dukani. Atavuta siku Ishimwe atakapokanyaga Kigoma, si kabla. Mimi na moshi wa tumbaku, wapi na wapi! Lakini miaka yote mzee huyu hajanikosea adabu hata siku moja.

Masharti, ili zisikauke: kitambaa kilicholowa, kwenye kisosi ndani ya kasha, kisiguse biri. Maji yawe yamechemshwa. Kila Jumapili kuzigeuza. Nikamwambia nimelea watoto watano kwa masharti machache kuliko hayo. Alicheka.

Jumapili, 15 Septemba
Jua kali, vumbi. Nikizibonyeza zinalia kama majani makavu. Nimeongeza maji.

Jumatano, 18 Septemba
Aibu! Nilihamishia kasha stoo kwa sababu kuna ubaridi. Nikaliweka juu ya gunia la dagaa. Sasa biri zinanuka dagaa. Jirani yangu Agnesi kacheka mpaka kakaa chini — eti mzee atazila na ugali. Nimezileta chumbani kwangu, kabatini.

Jumapili, 13 Oktoba
Mvua zimeanza, na kazi imegeuka. Biri mbili zimeota ukungu mweupe. Nimezifuta, nimetoa kisosi, kifuniko nimekiacha wazi kidogo. Barua hakuna.

Jumapili, 27 Oktoba
Redio inasema vita Uvira. Boti zinashusha watu tangu alfajiri. Nimezigeuza biri, moja moja, polepole. Sikujua nifanye nini kingine. Naogopa.

Alhamisi, 31 Oktoba
Ishimwe kafika! Peke yake. Miguu imevimba. Kauliza mtaa mzima wa Mwanga kwa Mama Oswald ni wapi, mpaka kanipata. Shikamoo yake niliijibu nikiwa nimeshamkumbatia.

Botini ilibaki nafasi moja. Baba yake kampandisha yeye, akasema anakuja na inayofuata. Na mimi kanitumia ujumbe: Mama Oswald atoe biri moja, ataivuta akifika. Ikitoka kwenye unyevu haiwaki vizuri, inataka siku mbili tatu nje, kivulini. Huyo mzee! Watu wanakimbia, yeye anawaza biri. Nimechagua nzuri kuliko zote, nimeilaza kwenye karatasi juu ya kabati.

Jumapili, 3 Novemba
Biri iko tayari. Laini, haitoi sauti.

Boti mbili leo. Hayumo. Ishimwe kashinda bandarini, karudi kalowa jasho, hajala.

Ikikaa nje hadi kesho kutwa itapasuka. Mvua imekatika tangu jana na jua limerudi kali. Kashani itapona. Lakini nikiirudisha nitakuwa nimesema nini — kwamba mzee haji?

Nilikuwa nimeishika, kasha liko wazi, Ishimwe kaingia. Kaniuliza kama naiweka ndani. Nimemwambia hapana, naitazama tu. Kakaa kitandani kwangu. Naandika kwa mkono mmoja, biri iko mkono wa pili, na mtoto wa watu hajaondoka. Anangoja aone nitaiweka wapi.