Mwigizaji Aliyebebwa Mgongoni

Wifi yangu,

Mapazia yamefika. Nimeyakata kidogo chini, sasa yanakaa vizuri. Cherehani nayo imepona. Kakako je? Niseme tu, usije ukasikia kwa wengine.

Watu wa filamu ya vita walimchukua, kwa kuwa aliwahi kupigana vitani, awafundishe waigizaji kuanguka kama askari aliyepigwa risasi. Nilimkataza, akasema kazi ni kazi. Juzi mmoja akaanguka vizuri mno. Mwongozaji akasema basi, wote wakainuka kujipangusa vumbi, kumbe kakako ameshambeba yule mwigizaji mgongoni, anakimbilia barabarani kutafuta gari. Jamaa anamwambia, "Mzee, mimi mzima, nishushe." Hakumshusha.

Wamemwachisha kazi. Tangu hapo hatulii, anazunguka nyumba nzima akiniuliza, "Yule mtu alifika kwao?"

Leo mwigizaji mwenyewe kaja kumsalimia, mcheshi kweli. Ninavyoandika wako sebuleni. Kakako kamshika mkono, vidole viwili juu ya mshipa, anahesabu mapigo. Chai imepoa. Mgeni ameaga mara tatu.

Njoo, wifi. Mgeni amesema anapita kwenu, kwa hiyo barua hii ataileta yeye, akiachiwa mkono.

Wako,
Mke wa kakako