Babu Aliyebebwa, na Uprofesa wa Deo

Mdogo wangu Veronika,

Naipokea shikamoo yako kabla hujaitoa: marahaba, mama Deo. Goti linakusumbua bado? Na huko Usoke mvua imeikuta tumbaku kwenye vitalu, au mmeshaihamishia shambani? Mimi huku kwa binti yangu Agnesi, kwenye nchi ya theluji, bado napumua. Moyo ndio umechoka. Daktari wangu, msichana mdogo mwenye adabu, amenishauri nisipange mambo ya mbali. Kwa hiyo napanga ya karibu.

Juma lililopita Agnesi alinifungulia kwenye simu jarida la chuo nilichofundisha. Kuna ukurasa mzima wa mafanikio ya wafanyakazi. Yule mkutubi mrefu aliyekuwa akinifichia vitabu amepata shahada ya uzamivu uzeeni. Fundi wa maabara ya udongo amepewa tuzo. Na katikati, ndani ya joho, yuko Deo wako: Profesa wa Historia. Najua mmeshatenga ng'ombe na kwaya inafanya mazoezi. Ameniomba nisikilize kwa simu mhadhara wake wa kwanza wa uprofesa, ili anishukuru mbele za watu.

Veronika, uprofesa huo ungekuja miaka mingi nyuma, Petro mumeo akiwa hai. Niliyeuzuia ni mimi.

Chuo kinapotaka kumpandisha mtu, maandiko yake hupelekwa kwa maprofesa wa nje wayapime, na mwombaji haambiwi ni akina nani. Nilipostaafu na kuhamia huku nikawa mmoja wao. Faili la Deo likaja kwangu. Ningepaswa kulirudisha na kusema huyu ni mpwa wangu. Lakini anatumia jina la Petro, na mwenyewe hakupenda watu wajue undugu wetu, asisemwe kuwa mjomba ndiye aliyemwingiza. Nikalifungua.

Unakijua kile kitabu changu cha wapagazi, wabeba mizigo wa misafara, kilichonipa jina. Nguzo yake ni maneno ya Mzee Mihayo wa Usinge, wa ukoo wa watani wetu. Nilikwenda kwake nikiwa kijana, na mashine ya kurekodi, nikamuuliza habari za babu yetu aliyekwenda pwani na misafara. Akasema, "Babu yako? Huyo hakubeba hata kibuyu. Kutoka Ugogo mpaka Unyanyembe alilala ndani ya shuka iliyofungwa kwenye mti, wenzake wawili mabegani. Ila wakifika kambini, mkono wa kwanza kwenye ugali ulikuwa wake." Watu wote uani walicheka. Mimi, niliyelelewa bwenini misheni tangu utotoni, nilidhani wanafurahia kukumbuka. Maneno ya ugali nikayaacha nje ya kitabu. Nikaandika kwamba wakuu wa misafara walibebwa kwa heshima ya mizimu, nikaiita mila. Vyuo vikaisoma.

Deo alikaa Usinge misimu miwili, akirina asali pamoja na watu wa kule. Akagundua kwamba kila ukoo una hadithi hiyohiyo, na anayebebwa siku zote ni babu wa mtani. Ni utani, Veronika. Mtoto wa miaka sita angenieleza. Deo hakunitaja hata kwa jina. Aliandika tu kwamba "watafiti waliotangulia waliyachukua maneno haya kwa uzito." Masikio yangu yalipata moto.

Nikaandika ripoti kwamba mwombaji ameyakusanya masihara ya vijijini akayaita historia. Nilijua vizuri kwamba niliyekuwa namweleza ni mimi mwenyewe.

Alinipigia akiwa na ripoti mkononi. "Mjomba, wamenirudisha. Wanasema nimeokota masihara."

"Pole, mpwa. Labda kweli uchimbe zaidi."

"Sawa, mjomba. Asante."

Alichimba. Akaomba tena, faili likaja tena, nikamrudisha tena. Safari hii ya mwisho lilipelekwa kwa watu wengine. Ndiyo maana amepanda.

Petro alikuwa ameshatangaza kanisani kwamba mwanawe anakuwa profesa. Wewe mwenyewe ulinisimulia watani walivyomsubiri kwenye bani la kukaushia tumbaku: "Baba profesa, joho linashonwa wapi, Ulaya?" Na kwenye msiba wake, mtani mmoja alijifunika blanketi, akavaa sufuria kichwani, akajitupa juu ya jamvi analia, "Mzee Petro, amka, mimi ndiye profesa wako, nimechelewa njiani." Ulisema watu walicheka, na Deo alicheka kuliko wote, kisha akaenda nyuma ya bani, akakaa huko mpaka jeneza lilipotoka. Nilikuwa nakusikiliza kwa simu. Nilikuambia hivyo ndivyo watani walivyo.

Juzi nilimpigia Deo nikamwambia yote. Nilisikia wanafunzi wakipita nje ya ofisi yake.

"Umemaliza, mjomba?"

"Nimemaliza."

"Mhadhara uko palepale. Nitakushukuru kama nilivyoandika, neno kwa neno. Wewe utawasha simu, usikilize mpaka mwisho."

"Deo, usinifanyie hivyo."

"Wewe mgonjwa, huna haja ya kujibu. Ila mama asijue. Ndiyo kwanza ameanza kucheka tangu baba afe. Nakuomba hilo tu."

Nami, kama unavyosoma, hilo nalo nimemnyima. Sisemi nimefanya kwa upendo. Naweza kuyavumilia maneno yake. Sauti yako ukishangilia siwezi.

Barua anakuletea rafiki wa Agnesi anayekuja Tabora. Ataiacha kwenye duka la vitambaa pale Gongoni. Isome mwenyewe, usimpe katekista. Nisalimie mke wa Deo, wajukuu zako, na shemeji zangu wa upande wa Petro. Watani wa Usinge wakija kwenye sherehe wao wawe wa kwanza kupewa chakula, wana haki hiyo.

Siku ya mhadhara utawekwa kiti cha mbele, mama wa profesa. Jina langu likitajwa, wanawake watasimama kupiga vigelegele, na watakutazama wewe. Wewe kaa.

Kaka yako,
Anselmi