Matundu Tuliyoziba Mchana

Mdogo wangu mpendwa, kitinda mimba wetu,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na shemeji yangu na wanangu wote wawili. Natumaini kile kikohozi ulichoniandikia kimekwisha, na kama hakijakwisha basi acha ubishi uende hospitali, maana nakujua. Sisi huku hatujambo. Pacha wanakua kwa fujo, miguu imekuwa mirefu kuliko suruali, na baba yao bado anakoroma kama kawaida yake. Mama yupo, anakula vizuri, na mchana kutwa anagombana na watangazaji wa redio.

Barua yako niliipata wiki saba zilizopita na sikuijibu. Usidhani nilibanwa na kazi. Uliniuliza ukarabati wa nyumba ya Baba umefikia wapi na Mama anahamia lini, ukasema kwamba kila ukikumbuka anarudi kuishi shamba kama alivyoomba mwenyewe, roho yako inatulia. Maneno hayo nimeyasoma mara nyingi, na kila nikiyasoma nachafukwa na moyo. Sababu nitakueleza, ila niache nianze na nyumba, kwa kuwa uchafu wa nyumba ni mwepesi kuusema.

Sijui kama unaikumbuka vizuri, ulikuwa mdogo tulipohama. Vyumba vitatu, baraza mbele, paa la bati na dari ya mbao, imesimama peke yake na jirani wa karibu ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Tangu Baba afariki ilikuwa imefungwa. Jumamosi ya kwanza Baba Pacha aliusukuma mlango kwa bega, ukafunguka nusu, ukakwama kwenye kitu laini. Kitu chenyewe kilikuwa mavi ya popo, mdogo wangu. Yamejaa sakafu nzima, yanafika kwenye vifundo vya miguu, juu makavu, chini mabichi, na mende wanapishana humo kama wako sokoni. Harufu yake ni ya mkojo uliochacha, na ilituingia mpaka kwenye meno. Nilirudi nyumbani nikapiga mswaki mara tatu, na chai bado ilikuwa na ladha ya popo.

Hayo yalikuwa ya mlangoni tu. Kwenye kabati la Baba panya walikuwa wamelitafuna koti lake jeusi, lile la sherehe, wakaligeuza wodi ya wazazi. Nilipolivuta, vitoto vyekundu visivyo na manyoya vilimwagika juu ya viatu vyangu. Ndani ya tangi la maji alikuwa anaelea mjusi aliyevimba, ngozi inamtoka vipande vipande, na Baba Pacha alikuwa ameshanawa uso kwa maji hayo kabla hajachungulia. Alitema mate njia nzima ya kurudi. Habari za choo sikuandikii, labda unasoma barua hii wakati wa kula.

Hata hivyo tulijikaza. Kila Jumamosi tukawa tunaondoka alfajiri na majembe na ndoo. Baba Pacha alipowaambia wenzake kazini kwamba hana nafasi ya mpira tena kwa kuwa mwisho wa wiki anashughulikia nyumba ndogo, walimcheka wiki nzima, wakamuuliza kama mke mkubwa ana habari. Alipofafanua kwamba mke mkubwa ndiye anayeshika ufagio huko, walicheka zaidi. Nami nilicheka, siku hizo bado nilikuwa nacheka.

Tuliazima ujuzi wa fundi mmoja wa kule kule, mzee mfupi tunayemwita Fundi Taratibu, maana hata msumari huutazama kwanza kabla ya kuugonga. Tulipofika kwenye dari alitueleza habari za popo. Alisema wanalala juu ya dari mchana kutwa na hutoka jua likizama, kwa hiyo matundu ya chini ya paa yazibwe jioni, wakishatoka wote, na iachwe njia moja kwa siku mbili tatu ili waliochelewa nao waondoke. Akaongeza kwamba msimu ule walikuwa na watoto, ingefaa tusubiri mwezi mmoja hivi.

Sisi jioni hatukuwa nayo. Sisi ni watu wa Jumamosi mchana. Basi la mwisho hupita saa tisa, na jirani anayekaa na Mama hutaka kuondoka saa kumi na mbili kamili, dakika moja ikizidi ananuna. Nikamwambia fundi azibe siku ile ile. Aliniuliza kama nina hakika, akaelekeza kidole juu, na kweli ukinyamaza ulikuwa unawasikia wakikwaruzana na kulia kwa sauti nyembamba. Nilimjibu kwamba wana mabawa, watajua pa kutokea. Alinitazama kidogo, halafu akapanda ngazi na wavu wake na saruji, akaziba tundu moja moja. Ilikuwa saa sita mchana. Tulipaka dari rangi nyeupe, ikapendeza, tukaondoka tumeridhika.

Jumamosi iliyofuata harufu ilitupokea kabla hatujaliona paa. Nilidhani ng'ombe amekufa barazani. Ndani, dari yetu nyeupe ilikuwa imetoka madoa ya rangi ya chai, mbao zimebenuka, na kwenye kila kiungo kuna kitu kinachuruzika. Kitanda kipya cha Mama tulikuwa tumeshakipanga, godoro likiwa bado kwenye nailoni yake. Juu ya nailoni funza walikuwa wanadondoka mmoja mmoja, unawasikia: tap, tap. Mmoja aliniangukia shingoni akateremka ndani ya blauzi. Nilikimbia nje nikatapika mpaka nikatoa nyongo.

Fundi Taratibu aliegemeza ngazi yake. Alijifunga kitambaa puani, akang'oa mbao za dari, na popo wakashuka. Ndoo kumi na moja, nilizihesabu. Majike mengi yalikuwa bado yamekumbatia watoto, yameganda hivyo hivyo, na mengi yalikuwa yamejibana pale pale kwenye matundu, midomo imechubuka kwenye wavu. Alichimba shimo nyuma ya jiko akawafukia. Tangu hapo tumepaka chokaa mara nne, tumechoma majani, tumemwaga dawa, tumebadilisha dari yote. Lakini jua likiwaka bati likipata moto, harufu inarudi, kidogo tu, tamutamu, inakukaa kooni.

Utaniuliza ni lini nimekuwa mtu wa kutapika. Hata wenzangu kazini waliniuliza. Mwaka wa kumi na tisa huu niko kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, mashuka ya watu nisiowajua yanakuja kwangu na kila aina ya aibu ya mwanadamu. Natia mkono, nachambua, natupa ya damu huku, ya matapishi kule, huku nikila karanga. Wasichana wapya wakizimia mimi ndiye ninayewapepea na kuwatania kwamba hapa pua tunaiacha getini. Sikuwahi kuona kinyaa kwa uchafu wa mgeni hata siku moja.

Sasa niache kuzunguka. Tangu masika ya mwaka jana Mama hazuii haja ndogo, na siku nyingine hata kubwa. Hili sikukuandikia. Nilikuandikia kuhusu miguu yake na presha, hili nililiruka. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini naingia chumba cha uani kumbadilisha, na ninaingia nimebana pumzi, kitambaa chenye manukato kimefunga pua, uso nimeugeuzia dirishani. Naye hugeuza wake ukutani. Tunafanya kazi hiyo kama watu wawili waliogombana. Ni mama yangu aliyenizaa, na ngozi yake ikinigusa mkono nasisimka kwa kinyaa. Asubuhi moja nilishindwa, nikatapika kwenye beseni lake mwenyewe, mbele yake. Aliniambia pole. Wiki ile ile ndiyo niliyokuandikia kwamba Mama ameomba kurudi shamba.

Mama hajawahi kuomba kurudi shamba. Niliyatunga yale, mdogo wangu. Nilikudanganya wewe, nikamdanganya na Baba Pacha, aliyebeba ndoo za mavi ya popo kila Jumamosi akiamini anatimiza haja ya mama mkwe wake. Mama nilimwambia tunakarabati ili tupangishe. Mpango wangu ulikuwa mwisho wa mwezi huu tumpeleke kama matembezi, halafu abaki. Mwanamke mmoja mjane wa kule alikuwa amekubali kupita asubuhi na jioni. Saa zilizobaki angekuwa peke yake na redio. Mimi ningekuwa ninakwenda Jumamosi.

Jumamosi iliyopita tulimpeleka aione. Alivaa gauni lake la kitenge jipya, akataka nimfunge na kilemba. Baba Pacha alimshika mkono wakazunguka chumba kwa chumba, na kila kitu alikisifu: dari, madirisha, vyuma tulivyopigilia chooni vya kujishikia. Alisema fundi ana mkono safi. Alipokiona kitanda akauliza wapangaji ni akina nani, kama wana watoto. Baba Pacha alicheka, akamwambia asimtanie, kitanda ni chake yeye, si ndiye aliyeomba kurudi kwake? Mama alimtazama, kisha akanitazama mimi. Akasema kwamba yeye nyumba hii aliishi ndani yake miaka ishirini na sita, na siku walipohamia mjini aliapa hatalala tena mahali ambapo ukipiga kelele hakuna wa kukusikia. Alisema kwa upole kabisa. Baba Pacha aliuachia mkono wake taratibu, akatoka nje, na mpaka leo maneno anayonipa ni ya lazima tu, chumvi iko wapi, ufunguo uko wapi.

Ningekomea hapo ungenichukia kiasi cha kutosha. Lakini kuna lingine, na hilo ndilo linalonifanya nijitemee mate.

Jua lilikuwa limepanda, bati limepata moto, na ile harufu ikashuka. Mama aliinua pua akanusa. Nilimwona anavyobadilika uso. Alinivuta karibu, akaninong'oneza kwamba nimsamehe, amechafuka tena, hakujisikia, nimbadilishe upesi kabla baba watoto hajarudi ndani, na nisimwambie. Ilikuwa ni popo, mdogo wangu. Popo wangu niliowaua mimi. Ningemwambia neno moja tu. Sikusema. Nilikuwa nimeumbuka mbele ya mume wangu, na nikaona heri na yeye aone aibu kidogo, tugawane. Nikafunga mlango, nikamlaza juu ya kile kitanda, nikamvua. Alikuwa mkavu kabisa. Nikambadilisha nguo kavu kwa nguo kavu, nikazikunja zile alizovua nikazifunga kwenye mfuko wa nailoni kama chafu, nikamwambia tayari. Njia nzima kwenye basi alikaa amejikunyata dirishani asije akamnukia mtu.

Nilipoandika mpaka hapa jana, kalamu niliiweka chini. Nilitaka kuifunga bahasha nikutumie wewe, unitukane kwa mbali, nami nione nimetubu. Nikaona huo nao ni ujanja. Leo asubuhi nilizima redio ya Mama, nikakaa kwenye ukingo wa kitanda, nikamsomea barua yote, na popo, na funza, na beseni, na kila uongo.

Alisema kwanza kwamba nyumba ile tuwarudishie popo waliobaki, yeye haendi. Halafu akalivuta shuka mpaka kifuani. Akaniambia kwamba siku ile alijua kuwa ni mkavu. Mara tu nilipomvua aliona nguo haina kitu, akaelewa kwamba harufu si yake. Aliniacha niendelee kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza tangu masika namshika bila kugeuza uso.

Sina la kuongeza. Mama anabaki hapa, chumba kile kile cha uani, na kesho asubuhi naingia bila kitambaa. Kama nitatapika basi nitatapika. Ukiwa na matusi yaandike yote, usiyapunguze, na ukipata likizo njoo umwone akiwa bado anatujua.

Msalimie sana shemeji. Wanangu wabusu, waambie mama yao mkubwa anawapenda hata kama hastahili kuwaambia hivyo wiki hii. Baba Pacha ameniambia nikuandikie salamu zake, na hilo ndilo neno refu kuliko yote aliyonipa tangu Jumamosi.

Ni mimi dada yako,
uliyezoea kuniita Mkubwa.