Firigisi ya Baba

Kasongo, Jumamosi

Ni nani aliyetufundisha kwamba upendo lazima uwe na mdomo?

Leo, katika semina ninayoiendesha ya wazazi wenye vijana, niliwataka wote wakawasifu watoto wao ana kwa ana. Baba yangu akasimama. Hajasema na mdogo wangu Asha tangu ashindwe mtihani wa taifa, na Asha anatishia kukimbilia machimbo ya Lusangi.

“Kumusifu mutoto ku macho ni kumuharibisha,” alisema, na ukumbi ukamuunga mkono.

Nilitaka kuwaka. Kisha nikakumbuka nilichosoma chuoni: wazazi wa Kichina waliopewa somo hilihili nao waliligomea, hata wakufunzi wao wakakubali sifa inayotendwa bila kutamkwa. Basi tendeni, nikasema.

Jioni tulikula kuku. Firigisi ni ya baba wa nyumba; hakuna mwingine anayeigusa. Baba aliisogeza pembeni ya sahani. “Mupelekee Asha,” akamwambia Mama.

Asha akamtazama Mama. “Hii si ya Baba?”

“Kula. Ni yeye ametuma.”

Aliila polepole mno. Kisha, bila kuagizwa, akachukua birika, akaenda kumnawisha Baba mikono.

“Maji iko baridi, Baba?”

“Apana, mama yangu. Iko muzuri.”