Kitovu cha Mjukuu Wangu

Bi Shamsa, shikamoo. Najua hutaniitikia, ila mdomo umezoea.

Kibanda chetu cha maharage kipo palepale Kariakoo. Upande wako nimeweka soya, samahani. Bado nachagua mzigo ulivyonifundisha: nachukua punje, nageuza, natazama kile kidoa cha pale ilipokuwa imeshikana na ganda lake. Ulikiita kitovu. Kikiwa cheupe, maharage mapya. Kikiwa kahawia, yamelala sana ghalani. Nami nilikucheka, harage litazaliwaje hata liwe na kitovu!

Ukanieleza neno lenyewe. Mtovu wa adabu ni aliyepungukiwa adabu. "Basi kitovu, Mama Elia, ni pale ulipopungukiwa mama yako." Sijui kama wasomi wanakubali. Mimi nilikubali hapohapo, nimeshika punje mkononi.

Unakumbuka kliniki? Daktari alipokuonyesha picha, akasema tatizo liko kwenye kitovu cha figo, pale mishipa inapoingilia. Mimi mbio kwa kina mama wa jumuiya, tukafunga na kuomba Bwana akuponye tumbo la kitovu. Ulicheka hadi ukakohoa. Ukasema Mungu hapotei njia, figo lilipo anapajua. Halafu ukaiomba ile picha tena, ukasema figo ni harage tupu, hata kitovu kiko pale pale kwenye kibonyeo. Mgonjwa wewe, na bado unashangaa kazi ya Muumba. Nilikupenda sana siku ile.

Sasa nikupe habari. Elia amepata mtoto wa kiume. Kitovu kilipodondoka, nyumba ikawaka moto. Baba Elia anataka kiende Rombo, kikazikwe mgombani walikozikiwa vyao ukoo mzima. Elia anasema mwanawe ni wa hapa. Baba na mwana wakaacha kusalimiana, Bi Shamsa. Kipande kimekauka kama ganda, nimekifunga kwenye kitambaa, nasali tu. Ningekuwa nawe ningekuja mbio.

Ndipo nikakumbuka Elia alipooa akahamia Upanga, nikalia kibandani kama nimefiwa. Uliniambia, "Harage halirudi kwenye ganda. Lakini ile alama nayo haifutiki, sasa unalia nini?" Nikamweleza Baba Elia vilevile, kwa maneno yako: mtoto atakuwa Mrombo hata kitovu kikizikwa wapi. Alikwenda kanisani, akarudi, akauliza huko Upanga ghorofani watazika kwenye ndoo?

Nikamwendea binti yako Salma nyumbani kwako, hapahapa Kariakoo. Sikumaliza hata kueleza, akafungua mlango wa uani, akaonyesha pale chini ya mkomamanga wako.

Alichimba Baba Elia mwenyewe. Elia akashika jembe kumpokea, mzee akamwachia, wakapokezana hivyo hadi shimo likatosha. Salma akasoma dua yake, mimi nikasali yangu. Kisha mume wangu akamwinamia mtoto: "Haya, wewe sasa mtu wa Kariakoo. Usituaibishe Rombo." Elia akacheka, akasema, "Asante, baba." Mimi ilibidi nigeuke ukutani.

Mungu akulaze pema, mwalimu wangu. Nakuahidi, siku mtoto atakapouliza kitovu chake kiko wapi, nitamshika mkono nimlete uani kwako, na kabla ya kumwonyesha mti nitamtajia jina lako.

Wako,
Mama Elia