Bafu la Rose

Jumatatu, 3 Machi

Siku yetu ya mgao wa maji. Tangi la juu limekwisha tangu jana. Nimefungua mfereji wa bafu, mkavu. Chai, halafu mbio hadi hospitalini Parklands. Mke wangu Rose ameanza kutembea na nyonga yake mpya. Anagombana na wauguzi, dalili nzuri. Daktari anasema Jumamosi aende nyumbani, mradi bafu liwe na maji. Asichuchumae, asibebe ndoo.

Dada yake Agnes alikuwepo. Akadakia kwamba kwake Ngara maji hayakatiki. Hakuniangalia aliposema. Machale yakanicheza. Akimchukua Rose hatamrudisha. Itakuwa wiki, halafu mwezi, halafu mimi niwe mgeni wa Jumapili.

Mama Njeri, jirani tuliyeungana naye ukuta hapa Woodley, amepiga simu nikiwa wodini. Akapiga tena. Sikushika. Ni yale yale ya ua wa mimea kati yetu, eti nimeukata vibaya upande wake.

Nimerudi jioni. Sakafu ya korido ni mbichi, mfereji bado mkavu. Nimeuzungusha huku na huku, hata tone. Ng'ambo ya barabara tangi la watu linafurika. Yangu yameenda wapi?

Jumanne, 4 Machi

Agnes ametuma fundi. Sikumwomba. Anaitwa Wafula, mtu wa Bungoma, wa kanisa lake. Kabla ya kufungua mkoba wa vyombo ameweka kiganja ukutani, akafumba macho, akaomba. Ombi refu. Mimi macho wazi, kwenye mkoba. Fundi anayeanza na maombi anajua kazi itaharibika.

Amekagua valvu ya getini, ya kufungia na kufungulia maji. Iko wazi. Korido mbichi, mfereji mkavu: bomba limepasuka chini ya sakafu, anasema. Nami nilikuwa nimefikiria hivyo hivyo, na ndiyo maana simwamini. Mtu akinikubalia haraka najua ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mama Njeri hayupo. Wa dukani wanasema amekwenda mazishi Nyahururu. Ameondoka siku ile ile maji yangu yalipopotea. Naandika tu.

Jumatano, 5 Machi

Nyundo na tindo kutwa. Bafu ni shimo. Vumbi hadi kwenye sukari. Wafula amekata bomba, akachungulia, akapuliza. Ni zima, halina ufa. Akakaa ukingoni mwa shimo. "Mzee, hii kitu sielewi. Wacha nikuje kesho."

Kesho. Wimbo wa mafundi wote. Kisha Agnes akampigia, naye akatoka nje kuongea. Wanapanga. Bafu libomoke, Rose aende Ngara, basi.

Nina hasira. Ninaogopa pia, heri niliseme. Nimepiga magoti kando ya kitanda, kazi ambayo siku zote humwachia Rose. Sikuomba vizuri. Nimesema: kama upo, mbona umenyamaza? Nikainuka bila amina.

Alhamisi, 6 Machi

Wafula amerudi. Nimeshangaa, sikufurahi.

Alikuwa shimoni, uso karibu na bomba, bomba likamtemea maji. Akapiga kelele kwa Kibukusu, lugha ya kwao. Maji ukutani, maji darini, maji ndani ya viatu vyangu. Nikatoka mbio. Mama Njeri alikuwa upande wake, ameinama juu ya valvu iliyo karibu na jiko lake, bado na kilemba cha safari. Nikamwambia afunge. Akafunga. Nami, bila haya, nikamwita mwizi wa maji.

Akangoja nimalize. "Baba Kevin, Jumatatu maji ilikuwa inatoka chini ya mlango yako. Nikabisha. Nikakupigia, hukushika. Na gari ya matanga ilikuwa inaningoja. Nikafunga huku kwangu, sasa ndio nimerudi nikafungua. Kwani hujui hizi nyumba ni paipu moja?"

Sikujua. Miaka yote nilidhani valvu ile ni yake peke yake. Mfereji wa bafu niliuacha wazi asubuhi ile nilipokimbilia Parklands, maji yakaja, yakafurika hadi koridoni. Yeye akayafunga. Kisha watu wazima wawili tukachimba sakafu kutafuta ufa usiokuwepo.

Baadaye nikakumbuka waya. Wa umeme, ule wa kuongezea, nimeulaza sakafuni kwa ajili ya taa ya kitanda cha Rose. Soketi yake iko pale kwenye kizingiti cha chumba. Ubichi uliishia kando yake kabisa. Maji yangeendelea kidogo tu, ningeyakanyaga jioni ile nikiwa miguu mitupu kama kawaida yangu. Nilikaa kwenye kifusi, na Wafula akaniletea maji ya kunywa akidhani ni presha.

Nimekwenda kumshukuru Mama Njeri. Asante ilitoka kwa shida. Amejibu kwamba ua bado umekatwa vibaya.

Ijumaa, 7 Machi

Wafula ameunga bomba, amefukia, amepiga saruji ya kukauka haraka. Valvu imefunguliwa tena, tangi linajaa. Alipomaliza aliomba tena. Nilifumba jicho moja.

Agnes amefika, akapita moja kwa moja hadi bafuni. Kukagua, nikajua. Kumbe amebeba kiti cha plastiki cha kuogea, akakijaribu kwa kukikalia mwenyewe. Nikamuuliza waziwazi ile simu ya Jumatano ilihusu nini. Anasema alikuwa akimbembeleza Wafula asikate tamaa. Rose alikataa Ngara Jumatatu ile ile. Alilia. Alisema atarudi nyumbani kwake Woodley hata akiogea kwenye karai.

"Si ungeniambia?"

"Shemeji, ungeuliza."

Kweli. Wiki nzima sikuuliza mtu kitu. Niliwachunguza tu. Nimeona aibu mbele yake, na nimemwandalia chai.

Jumamosi, 8 Machi

Rose yuko nyumbani. Njiani alinung'unikia kila tuta la barabara. Ameingia polepole, akashika ukuta, akashika mlango, akataka kuoga kabla ya kitu kingine chochote.

Nimekaa kwenye kigoda nje ya bafu, asije akateleza. Mlango haukufungwa kabisa. Maji yanampiga, yanapiga kiti, yanakwenda zake.

"Uko hapo?"

"Niko."

Ameendelea kuoga. Nimeinamisha kichwa na kusema asante. Nimengoja kidogo, nione kama kuna kitu cha kuomba. Hakuna.